Sauti yanichelewa kwenye hedifoni, nitumie programu gani?

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Mimi kijana wa Kisauni, napiga udi na kuimba. Nina laptopu ya Windows, ramu GB 4, na maiki ya kuchomeka USB. Rafiki yangu aniambia bila FL Studio sitoki, na anayo ya kukraki, iliyovunjwa leseni, atanipa bure. Tena nikirekodi najisikia kwenye hedifoni sauti yaja nyuma mpaka napoteza mdundo. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hiyo ya kukraki mwambie akae nayo mwenyewe. Mimi niliwahi kuwekewa moja, nikarekodi kaswida za watoto wa madrasa jioni tatu nzima, ya nne nawasha laptopu mafaili yote hayafunguki, na kwenda kumwambia maalim ilikuwa kazi kuliko kurekodi upya.

FL Studio si mbaya wallahi, mtu wa kujenga midundo kwa kompyuta ataipenda, ila wewe wapiga udi. Na ile ya majaribio ina mtego wake, projekti utaisevu vizuri tu lakini ukishaifunga huifungui tena mpaka ulipe, watu wamelia hapo. Mimi ningechukua Reaper. Ni nyepesi, ramu yako itaibeba, waijaribu siku 60 kila kitu kikiwa wazi halafu leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Audacity ni bure kabisa na kwa sauti moja mbili yatosha, ila ukianza kupandisha udi, dumbaki, waitikiaji na wewe mwenyewe juu yake itakuchosha.

Haya, hii ya kuchelewa. Laptopu haipitishi sauti tone kwa tone, yajaza ndoo kwanza ndo imwage, na hiyo ndoo ndo bafa. Ikiwa bafa ni sampuli 1024, yaani vipande vidogo vya sauti, na warekodi sampuli 44,100 kwa sekunde, hapo ni kama milisekunde 23 kuingia, na kutoka nako kuna ndoo yake, sasa mdundo utaushika vipi? Ishushe mpaka 128, yaani kama milisekunde 3. Ikianza kukwaruza panda 256, na ukimaliza kurekodi ukaingia kumiksi irudishe juu laptopu ipumue. Draiva ya Windows, ile programu inayoiunganisha laptopu na kifaa cha sauti, ikigoma kushuka jaribu ASIO4ALL, ni ya bure.

Lakini kabla ya yote hayo igeuze maiki yako uitazame, nyingi za USB zina tundu la hedifoni. Chomeka hapo hapo, utajisikia kabla sauti haijaingia laptopu, na kule kwenye programu uzime monita, yaani ile ya kujisikia wakati warekodi, usije ukajisikia mara mbili. Yaweza kuwa shida yako yote imeisha hapo.

Rekodi kwa biti 24 (24-bit kwenye mipangilio), vilele vya sauti visipite -12 dB kwenye kipimo cha programu, usiogope kuona wimbi dogo. Zima feni, joto utavumilia nyimbo moja. Mchana kunguru wa juu ya mabati hawana adabu, ngoja usiku tuktuk zipungue, tundika blanketi nyuma yako. Na udi usiuelekezee maiki kwenye tundu, utapata mvumo mtupu, ielekeze pale shingo inapokutana na tumbo, umbali wa rula moja.