Mbwa au paka kwa nyumba ya ghorofa ya nne?

Swali: Hujambo daktari? Ninaishi Roysambu, nyumba ya chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya nne, na binti yangu wa miaka saba. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa mbili usiku. Akitoka shule yeye hukaa kwa jirani. Kila siku ananililia mbwa. Dada yangu anasema paka. Nichukue yupi?

Jibu: Sijambo, mama. Chukua paka, na ikiwezekana awe ameshakomaa.

Kilichoniamulia ni saa ulizoandika. Kutoka kumi na mbili asubuhi hadi mbili usiku ni saa kumi na nne. Mbwa wa miezi mitatu huzuia mkojo kwa saa tatu hivi. Mbwa mzima, ukimbana sana, saa nane. Kwa hiyo atakojoa sakafuni, nawe ufike umechoka na foleni ya Thika Road umgombeze kwa kosa lisilo lake. Upweke nao humuumiza kuliko mkojo. Mbwa ni mnyama wa kundi. Akifungiwa peke yake hubweka, huguguna mlango, wengine hulamba miguu yao hadi ngozi ikachubuka. Majirani husikia makelele. Mimi ndiye huletewa hiyo miguu. Na usidanganywe kwamba mbwa mdogo ana nafuu, kwani yeye pia anahitaji kushushwa ngazi mara tatu kwa siku, mvua ya Aprili inyeshe isinyeshe. Ungekuwa unafanyia kazi nyumbani, ningekutafutia mbwa wa kienyeji aliyekomaa, mtulivu, na Jumamosi mngetembea naye msitu wa Karura akiwa na kamba shingoni.

Paka hulala saa kumi na mbili hadi kumi na sita kwa siku, na hufukia kinyesi chake bila kufundishwa. Mwekee beseni pana lenye mchanga, mbali na chakula chake, na uzoe uchafu kila jioni. Binti anawe mikono kila baada ya kumshika. Ukipata mimba, kazi ya beseni mwachie mtu mwingine, maana kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma vinavyodhuru mtoto tumboni.

Sasa roshani. Hapa nakusihi. Watu huamini paka akianguka hutua kwa miguu na mambo yakaisha. Hutua kwa miguu, ndiyo, lakini kutoka ghorofa ya nne kidevu hugonga saruji, taya hupasuka, kifua huumia. Huwa anamfuata ndege au nondo tu. Kabla hajaingia nyumbani, ziba roshani na madirisha kwa waya wa kuku, ule wa matundu madogo.

Chakula chake ni nyama na samaki. Ugali na maziwa havimtoshi: mwili wa paka unahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, kinachopatikana kwenye nyama, na akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo hudhoofika. Maziwa huwaharisha paka wengi wazima. Na hata akiungua homa, usimpe Panadol. Ini lake haliwezi kuisafisha dawa hiyo. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Ukichukua dume, mwangalie anapokwenda kwenye beseni. Akichuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu mrija ukiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Ahasiwe, asipohasiwa atanyunyizia mkojo ukutani, na harufu ile haitoki kwa sabuni. Jike naye afungwe kizazi. Chanjo ya kichaa cha mbwa inamhusu paka pia: ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Anza kwa mwenye nyumba. Hujasema kama amekubali, na mikataba mingi ya nyumba za kupanga hapa Nairobi inakataza wanyama. Mwombe ruhusa kwa maandishi. Nimeshapokea paka waliozoea mtoto wa nyumba kwa mwaka mzima, wakarudishwa kwenye boksi kwa sababu ya barua ya onyo ya siku saba kutoka kwa mwenye nyumba. Akikubali, nendeni pamoja na binti makao ya KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama, Barabara ya Lang'ata. Mwache akae chini kimya, aone ni paka yupi atakayemsogelea mwenyewe.