Ukienda kukimbia kwenye barafu, anza na vidole

Nilipomwambia mama yangu, aliye Tanga, kwamba nimelipa ada ya kwenda kukimbia Greenland, aliuliza swali moja tu: "Nani anakufukuza?"

Naishi Tromsø, kaskazini mwa Norway, huu mwaka wa sita. Watu wakitazama ramani wakaona tuko nyuzi 69 juu ya ikweta, hudhani tumeganda kama samaki wa kwenye friza. Wapi! Mkondo wa maji ya uvuguvugu unaotoka Atlantiki unapita hapa, na siku nyingi za Januari ni nyuzi tano chini ya sifuri, au hata kidogo juu yake. Nimekimbia mara mbili ile nusu marathoni ya Januari, inayokimbiwa gizani kwa sababu jua linakuwa halijachomoza tangu mwishoni mwa Novemba. Shida yake kubwa ni utelezi. Unavaa viatu vyenye vijino vya chuma, unakwenda. Basi nikajiona fundi wa baridi.

Mbio nilizolipia, Polar Circle Marathon, hufanyika Kangerlussuaq, magharibi mwa Greenland, mwishoni mwa Oktoba. Mnapelekwa kwa magari hadi kwenye barafu kuu ya Greenland, mnakimbia juu ya barafu yenyewe, kisha mnashika barabara ya changarawe ambayo Volkswagen waliichonga kwa ajili ya kujaribia magari, hadi kwenye makazi yaliyokuwa zamani kambi ya ndege za jeshi la Marekani. Asubuhi yetu ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Ambalo sikujiandaa nalo ni upepo. Hewa iliyolala juu ya barafu hupoa, ikawa nzito, ikaanza kuteremka mlimani kama maji. Kaskazi na kusi tunazijua, zina miezi yake na adabu zake. Huu unakuja wakati wowote unaotaka. Katika nyuzi 15 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa unaifanya ngozi ipoe kama vile ni nyuzi 26 chini ya sifuri.

Nami nikavua glavu kupiga picha. Ya mama, bila shaka.

Sidhani zilipita dakika mbili. Simu ilizima yenyewe, betri imeshikwa na baridi, na nilipotaka kuirudisha mfukoni zipu ikanishinda. Niliiona, niliigusa, lakini vidole havikuwa vyangu tena. Nilikimbia kilomita kadhaa mfuko wazi, theluji ikiingia. Jeli zangu, chakula cha wakimbiaji, zilikuwa mfuko wa ndani, ambako sikuweza kufika. Kwa hiyo sikula. Nikaanza kuishiwa nguvu, nikapunguza mwendo, na ukipunguza mwendo mwili unaacha kutengeneza joto. Yote hayo yalianzia kwenye kidole cha shahada.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue nini kwanza, simtajii koti. Namwambia glavu, jozi mbili: nyembamba za sufu ndani, na juu yake zile za mfuko, ambazo vidole vinne hukaa pamoja na gumba peke yake. Vidole vilivyotenganishwa kila kimoja hugandia chumbani kwake. Zifungie kamba zipite shingoni au mikononi, kama za watoto wa chekechea hapa Norway. Utachekwa, ila upepo hautaondoka nazo. Kisha funga uzi mrefu kwenye kila zipu, na ufanye mazoezi nyumbani: vaa glavu zote ukae sebuleni, ufungue zipu, utoe chakula, ukaze kamba za kiatu. Hili unaweza kulifanya hata Tanga katika joto la Februari, jasho likikutoka.

Sisi watu weusi tunahitaji kulisikia hili zaidi. Tafiti za majeshi ya Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba askari weusi hupata majeraha ya baridi mara nyingi kuliko wenzao weupe katika mazingira yaleyale. Tena maelekezo mengi yanasema uangalie ngozi ikigeuka nyeupe au nyekundu. Yangu haikugeuka hivyo, ilipauka, ikawa ya kijivu kama imepakwa majivu. Usingoje rangi. Maumivu yakikoma ghafla ukabaki na ganzi, hapo ndipo pa kuogopa. Ingiza mkono kwapani, ndani kabisa kwenye ngozi. Usiusugue, usiupake theluji kama wazee fulani wanavyoshauri, wala usiuweke karibu na moto, maana kidole chenye ganzi huungua bila kukuambia. Ukifika pa kulala, maji ya uvuguvugu wa mwili, nyuzi 37 hadi 39, yanatosha. Yakitoka malengelenge, nenda kwa daktari.

Mafuta ya mgando usoni? Nilipaka, kwa mazoea ya nyumbani. Watafiti wa Finland waliona kwamba hayazuii kuungua na baridi. Yanakufanya tu uhisi umelindwa. Siku hizi navaa kitambaa cha shingo, nakivuta hadi puani, na nabeba cha pili kikavu kwa sababu pumzi hukigandisha cha kwanza kikawa kama bati.

Kuhusu nguo nitasema kidogo, kila mtu anaziongelea. Pamba usiiguse, hata chupi. Jasho likikaa kwenye pamba halikauki. Mimi huvaa singlendi ya wavu, ile ambayo Mnorwe Henrik Brun aliitengeneza mwaka 1933 kwa nyavu za kuvulia samaki. Matundu yake hushika hewa ya joto, na sufu ya juu yake hunyonya jasho. Wanaume, tafuteni chupi yenye kitambaa cha kuzuia upepo mbele. Sitafafanua. Na anza mbio ukisikia kibaridi. Ukianza na joto zuri, kilomita ya tano utakuwa umelowa, na mtu aliyelowa kwenye upepo ule hana muda mrefu wa usalama.

Chakula nakibeba tumboni, kwenye mkanda chini ya fulana. Tende zilizotolewa kokwa zinavumilia, hukakamaa lakini zinatafunika. Kashata ya nazi nilijaribu mara moja. Nusura nivunje jino. Chupa ya maji iweke kichwa chini, maana maji huanza kuganda juu, mdomo usizibwe na barafu.

Ukimaliza, usisimame kupongezana. Joto la mwili huendelea kushuka hata baada ya kusimama, na nguo zimelowa. Badilisha kwanza, hadi soksi, ndipo ukumbatie watu. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kujikwaa kama mlevi, mshike mkono umwingize ndani. Usimwulize kama yuko salama, atakujibu yuko salama.

Ukucha wa kidole changu ulidondoka, ukaota mwingine. Ila hadi leo nikifungua friji kutoa maziwa, chenyewe ndicho cha kwanza kujua.