Muulize Mwenyeji: Tuko watano na tuna siku moja tu Mombasa

SWALI: Shikamoo aunty. Tuko marafiki watano, tulisoma pamoja Thika na tangu tumalize shule kila mtu na njia yake, sasa hatimaye tumechanga tukapata tiketi za treni ya usiku, tunashuka Mombasa Jumamosi kabla hakujakucha na tunarudi na ile ya saa nne usiku siku hiyo hiyo, yaani hatulali. Shida kila mtu ana yake. Mmoja anataka Fort Jesus na Mji wa Kale, mwingine ati lazima twiga wa Haller Park, mwingine anataka kupanda feri ya Likoni, kuna mmoja yeye ni bahari tu hataki kusikia kitu kingine, na mimi nataka leso za mamangu. Tumeshaanza kununiana kwa grupu ya WhatsApp na safari yenyewe bado. Tupange vipi tuone zote? Na huyo wa bahari anauliza kama anaweza kutembea mjini na kaptula. — Mshika kibeti, Thika

JIBU: Marahaba mwanangu, karibuni Mvita. Zote hamuwezi, nakwambia mapema ili muache kununiana. Haller Park iko Bamburi, kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali. Likoni iko kusini, ng'ambo ya kivuko. Na nyinyi treni inawashusha Miritini ambako ni nje ya kisiwa kabisa, sasa jumlisha na foleni za magari za Jumamosi mtajikuta mmemaliza siku mkitazama migongo ya malori ya kontena. Mimi ningekaa kisiwani mpaka adhuhuri, baharini iwe alasiri, na bahari ya wapi hiyo mtaamuliwa na maji, nitafika hapo.

Mkitoka stesheni msimfuate dereva wa kwanza anayewavuta mkono, matatu za mjini huwa zinangojea treni. Msije na mabegi makubwa, mtayabeba siku nzima. Mkifika mjini tafuteni mahamri na mbaazi, na mbaazi ziwe zimeiva kwa tui zito sio zile za maji maji, mpige na chai ya tangawizi. Fort Jesus haifunguliwi mpaka saa mbili, na huo muda wa kungoja ndio Mji wa Kale mtamu zaidi kuliko saa nyingine yoyote kwa sababu jua halijachachamaa, maduka ya vinyago bado yamefungwa na hakuna wa kuwaita kila hatua, ni watu wanaotoka msikitini, na paka wa mitaani tu. Ingieni mtaa wa Ndia Kuu polepole mtazame milango. Usipige picha mlango ukaondoka, sogea karibu, angalia ile nakshi ya juu ya kizingiti, mingine imechorwa maandishi ya Kiarabu na mingine maua, halafu inua macho uone zile balkoni za mbao. Hapo hapo mtaupita Msikiti wa Mandhry ambao husemwa ni wa mwaka 1570, una mnara wake mweupe wa aina yake. Watu sasa, hao msiwapige picha kabla hamjaomba, hasa kina mama wa buibui, mtu anatoka zake kununua maziwa hakuja kupigwa picha.

Saa mbili ikigonga ingieni ngome, na muipe masaa mawili mazima. Wengi wanaingia wanapiga selfi juu ya mzinga wanatoka, halafu wanasema ah kumbe ni kuta tu. Ni kuta ndio, lakini ni kuta za matumbawe zilizoanzwa na Wareno 1593 kwa ramani ya Muitaliano mmoja, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama ngome kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala. Waomani waliizingira kuanzia 1696 mpaka 1698, hebu fikiria, njaa na maradhi vikawamaliza waliokuwa ndani, na meli iliyotumwa kuwaokoa, Santo António de Tanna, ikazama 1697 hapo hapo mbele ya ngome. Vitu vilivyotolewa chini ya maji mtaviona ndani kwenye makumbusho. Waingereza wakaja wakaifanya jela mpaka 1958. Mimi kinachonifurahisha kuliko vyote hivyo ni zile michoro za mabaharia wa Kireno ukutani, meli na watu, zimechorwa ovyo ovyo na watu ambao naona walikuwa wamechoka na joto na hawana la kufanya. Halafu pandeni kwenye Nyumba ya Waomani mpate upepo na muuone Mji wa Kale kwa juu. Bebeni vitambulisho, raia analipa kidogo kuliko mgeni, na malipo siku hizi ni kwa simu kupitia eCitizen kwa hivyo angalau simu moja iwe na chaji. Mkitaka mtembezaji mlangoni hapo wapo na wengine wanajua kweli kweli, lakini bei semezaneni kabla hajaanza kuwaonyesha hata jiwe moja.

Leso za mamako ziko Biashara Street, na kama unataka zile za jina la zamani, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, uliza duka la Mali ya Abdulla, wako hapo tangu 1887 na kila mtu atakuonyesha. Usinunue kwa rangi, soma jina kwanza, usije ukampelekea mamako leso yenye kijembe cha uke wenza ukaulizwa na kijiji kizima. Zinakuja mbili zimeungana kitambaa kimoja, kwa hivyo ukishalipa mpe fundi wa mashine aliyekaa kibarazani azikate na kuzipinda, ni dakika chache tu. Markiti ni hapo karibu, iliki na mdalasini chukueni huko, na achari na mabuyu ya kutafuna kwenye treni. Yale mapembe ya ndovu ya Moi Avenue mtayapita tu, ni ya bati la alumini ya miaka ya 1950, picha moja inatosha, wala msijipange foleni katikati ya barabara na magari yanapita.

Kuleni mapema kabla ya saa saba, biriani ya Jumamosi huwahi kuisha.

Sasa bahari. Huyo mwenzenu wa bahari atazame mwezi kabla hajanunua nguo ya kuogelea. Mwezi ukiwa mpevu, ama ndio kwanza umeandama, ni siku za bamvu, yaani maji makubwa, na maji huku kwetu hupwa asubuhi mnamo saa nne saa tano na hujaa alasiri mnamo saa kumi. Siku kama hizo nendeni Pirates, ule ufukwe wa Bamburi, matatu za Bamburi zinawafikisha, mtaogelea vizuri na mtarudi mapema. Lakini Jumamosi yenu ikiangukia wiki moja baada ya hapo, wakati wa maji mafu, mambo yanageuka, alasiri ndio maji yamepwa, ingawa si sana kama ya bamvu, na kuogelea hakunogi. Hapo bakini kisiwani mwende Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari. Kuogelea hapana, ni mawe na mkondo mkali, hilo mwambieni mapema asije akajirusha. Lakini kuna mibuyu, kuna upepo, na zile meli kubwa za kontena zinazoingia Kilindini zinapita karibu hata unasoma jina ubavuni, na feri za Likoni mnaziona zinavyokatiza mbele yao. Kwa hivyo huyo wa feri pia atakuwa amepata kidogo, ingawa kupanda kwa miguu ni bure na kama ana hamu sana anaweza kuvuka na kugeuza, muhimu asiende jioni watu wakitoka kazini, hapo ni kubanana.

Mama Ngina msiondoke bila mhogo wa kuchoma. Yule muuzaji anautoa kwenye makaa, anaukwangua ile sehemu iliyoungua, anaupasua katikati kwa kisu, anapaka pilipili ya unga na chumvi kwa kipande cha ndimu mpaka ndimu yenyewe imegeuka nyekundu. Chukueni na madafu, na ukishamaliza maji mrudishie akupasulie, atakukatia kipande cha kumbi ndio kijiko chako cha kulia nyama yake. Mwenye kachiri, zile krispi za mhogo, akipita pia msimuache.

Twiga wa Haller Park waacheni safari nyingine, na si kwamba pabaya, pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyobaki jangwa mpaka René Haller akaanza kupanda miti 1971, ni mahali pa kutembea nusu siku na watoto, sio pa kukimbilia mkiwa na treni ya kuwahi.

Kaptula ufukweni avae atakavyo. Mji wa Kale afunike magoti na mabega, leso moja kiunoni inamtosha na tayari mnazinunua. Tuktuk inachukua watatu nyuma, nyinyi watano ni tuktuk mbili, na bei ni kabla ya kukaa sio baada ya kushuka. Na wewe mshika kibeti, pesa kusanya zote kabla treni haijaondoka Nairobi, hayo ya "nitakutumia baadaye" ndio huvunja urafiki wa watu. Jioni muwe mmeshatoka mjini kufikia saa moja na nusu hivi, maana Miritini mizigo inapangwa chini kwa mstari, mbwa anapitishwa kunusa, halafu mashine, halafu kitambulisho na tiketi, na treni haingojei mtu aliyebaki nyuma kununua halua.

SWALI: Mimi na rafiki zangu wawili (hatufungi) tunataka kuja kutembea Mombasa na likizo yetu imeangukia Ramadhani. Ni makosa? Tutakula wapi? — Msomaji, Voi

JIBU: Makosa gani, njooni. Mchana hoteli nyingi za Mji wa Kale zimefungwa, lakini upande wa Moi Avenue mtapata chakula bila shida, kaeni ndani mle, msitembee barabarani na soda mkononi, ni heshima tu hakuna atakayewapiga. Mimi ningegeuza ratiba: asubuhi Fort Jesus, mchana lala, saa kumi na moja shukeni mitaani muone watu wanavyokimbilia futari. Vibarazani ni viazi karai, bhajia, sambusa, kaimati zinachovywa shira mbele yako, mkate wa mofa umetoka motoni. Adhana ya magharibi ikilia mji unanyamaza kama dakika kumi, halafu baada ya tarawehe watu wote wako nje mpaka usiku wa manane, watoto, wazee wa kahawa tungu, kina mama wanatafuta nguo za Idi. Tena kwa wageni usiku huo naona ndio wakati bora, joto limepungua na hamna haja ya kukimbizana na jua.

SWALI: Bi mkubwa mimi ni mzaliwa wa Majengo, nina watoto watatu, na Fort Jesus nimeipita maisha yangu yote sijawahi kuingia. Wageni wakija wanashangaa. Wanangu wameanza kuuliza. Niende ama nimeshachelewa? — Mama wa Majengo

JIBU: Yakhe, uko pamoja na nusu ya mji! Watu wa kwetu hiyo ngome tunaijua kwa nje, mahali pa kukutania na kupanda tuktuk. Nenda siku isiyo ya wikendi, mara tu wakifungua, kabla mabasi ya shule hayajaja kwa sababu yakishaingia hata husikii unachoambiwa. Watoto waanzie kwenye michoro ya mabaharia, waambie watafute meli, kisha vitu vya ile meli iliyozama, hayo ya nani alimpindua nani waachie mwisho wakiwa bado wana nguvu. Bebeni maji. Na kama bibi yao yupo mpeleke naye, wazee wetu wengine wanakumbuka ilipokuwa jela, hayo hutayasoma kwenye kibao chochote mle ndani.

Aliyeuliza kuhusu kulala Diani bei ya wastani, barua yako nimeipata, ni toleo lijalo.