Kadi zinazotoka haraka: mchezaji hununua kazi, si sura

Muuzaji mgeni wa kadi za michezo ya Magic: The Gathering, Pokémon au Yu-Gi-Oh! huanika mbele joka lenye picha ya kuvutia na kuzitupia kadi zisizo na mbwembwe kwenye boksi la bei chee. Wachezaji wakija, macho yao hukimbilia boksi. Mkusanyaji anataka joka, lakini mkusanyaji hununua moja na kuondoka. Mchezaji hurudi kila anapotengeneza deki mpya, yaani lile rundo la kadi analoingia nalo mchezoni.

Kabla ya kuipa kadi yoyote bei, jiulize mambo matatu. Inaingia kwenye deki za aina ngapi? Kila deki hubeba nakala ngapi? Na nakala zilizo sokoni ni nyingi kiasi gani? Kadi inayofaa deki moja tu huanguka siku deki hiyo inaposhindwa kufurukuta kwenye mashindano.

Kwenye Magic, jibu la swali la kwanza karibu kila mara huanza na kadi za ardhi. Hizo ndizo huzalisha mana, yaani nguvu ya rangi mbalimbali ya kulipia kadi nyingine, na deki ya rangi mbili au tatu yenye ardhi mbovu hukwama mkononi hata kama kadi zake nyingine ni kali. Chukua Polluted Delta: mchezaji analipa pointi 1 ya uhai, anaitoa kadi yenyewe, kisha anatafuta ndani ya deki ardhi ya aina ya Island au Swamp na kuiweka mezani. Kwa kuwa zipo ardhi za rangi mbili zenye aina hizo, kadi moja hufungua njia ya rangi karibu yoyote anayoihitaji. Ilitoka mwaka 2002 kwenye toleo la Onslaught, ikarudi mwaka 2014 kwenye Khans of Tarkir na mwaka 2024 kwenye Modern Horizons 3, na bado watu wanaitafuta. Kwenye Modern, mojawapo ya fomati (namna za kushindana) za Magic, mchezaji anaruhusiwa nakala 4 za kadi moja, kwa hiyo ukiwa nazo nne, ziuze pamoja. Mnunuzi hapendi kuokoteza moja hapa na tatu kule, tena kwa kulipia usafirishaji mara mbili.

Commander, fomati nyingine ya Magic, ina hesabu yake. Deki ni kadi 100 na kila kadi huingia mara moja tu, isipokuwa ardhi za msingi, hivyo usitegemee kuuza nne nne. Faida iko kwenye upana: mchezaji mmoja huweza kuwa na deki tano, na kila moja inataka nakala yake. Rhystic Study inaonyesha vizuri. Ilichapishwa mwaka 2000 kwenye Prophecy kama kadi ya kawaida kabisa, ya daraja la chini. Inasema kila mpinzani anapocheza kadi isiyo ya ardhi, wewe unavuta kadi moja asipolipa mana 1 ya ziada. Mbele ya mpinzani mmoja ni kero ndogo. Commander huchezwa na watu wanne kwa kawaida, kwa hiyo unakusanya ushuru kwa watu watatu. Sol Ring nayo iko karibu kila deki ya Commander, ila kampuni inayochapisha Magic huiweka karibu katika kila deki iliyopangwa tayari, na ndiyo maana haina bei kubwa. Hapo swali la tatu limelishinda la kwanza.

Kwenye Yu-Gi-Oh! kikomo ni nakala 3, na zinazotafutwa ni zile zinazomzuia mpinzani wakati wa zamu yake. Ash Blossom & Joyous Spring hutupwa kutoka mkononi na kubatilisha hatua ya kuchukua kadi kutoka kwenye deki. Mchezo huu unaweza kuamuliwa kwenye zamu ya kwanza, na anayeanza wa pili bila kizuizi hubaki mtazamaji. Kadi ya namna hii haijali umejenga deki gani. Imechapishwa upya mara nyingi, hivyo toleo la kawaida huuzwa kwa wingi na toleo linalong'aa ndilo hubeba bei.

Pokémon iko hivyo hivyo. Boss's Orders, inayomvuta Pokémon wa benchi la mpinzani hadi mstari wa mbele, hutoka haraka lakini kwa fedha kidogo. Ifungashe pamoja na Ultra Ball na Rare Candy, vinginevyo muda wako unapotea bure. Angalia pia herufi ndogo iliyo chini kushoto kwenye kadi. Hiyo ndiyo huonyesha kama kadi inaruhusiwa kwenye mashindano ya Standard, fomati ya kadi za karibuni, na herufi za zamani huondolewa kadiri matoleo mapya yanavyoingia. Uza miezi michache kabla ya herufi kuondolewa. Wiki ya mwisho kila mtu anauza. Lakini kadi ikichapishwa tena kwa herufi mpya, nakala ya zamani yenye kazi ileile huendelea kuruhusiwa, kwa hiyo usitupe Ultra Ball kuukuu.

Marufuku ndiyo ajali kubwa zaidi. Tarehe 23 Septemba 2024, Mana Crypt, Jeweled Lotus na Dockside Extortionist zilipigwa marufuku kwenye Commander kwa mpigo, na bei zikaporomoka. Jeweled Lotus iliumia sana kwa sababu kazi yake ni kulipia tu kamanda, yaani kadi inayoongoza deki ya Commander; nje ya Commander haina maisha. Kadi ya ghali yenye fomati moja pekee isilale kwenye akiba yako. Toleo jipya nalo lina mtego wake: bei huwa juu siku za mwanzo, kisha hushuka watu wanapofungua maboksi. Ukifungua pakiti, uza wiki hiyohiyo. Ukihitaji kadi ya kuchezea, subiri.

Kwa bei, soma zilizouzwa, si zinazoombwa. eBay ina kichujio cha bidhaa zilizokwisha kuuzwa. TCGplayer na Cardmarket, masoko ya kadi ya mtandaoni, huonyesha mwenendo wa bei. Linganisha toleo lilelile, lugha ileile na hali ileile.

Hali ya kadi ndipo ugomvi huzaliwa. Itoe kwenye kifuko, iinamishe chini ya taa, na kagua pembe za nyuma, maana weupe huanzia huko. Ukisita kati ya madaraja mawili, andika la chini. Kwa Magic ya ghali, tumia lenzi yenye kukuza mara 30 au zaidi: kwenye duara la kijani la mgongoni kuna nukta nne nyekundu zilizojipanga kama herufi L. Zikikosekana, usiiuze hadi mtu mwenye ujuzi aikague.

Kufunga: kifuko laini, kisha kifuko kigumu cha plastiki, kisha vipande viwili vya kadibodi vinavyozidi kifuko pande zote. Ziba mdomo wa kifuko kigumu kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, ukikunja ncha yake ili mnunuzi apate pa kushika. Selotepu huacha gundi, na mnunuzi akiing'ang'ania kuibandua anaweza kuharibu pembe ya kadi. Kadi zinazong'aa hujipinda unyevu ukibadilika, kwa sababu karatasi hunyonya maji na tabaka la juu halinyonyi. Ipige picha kutoka ubavuni ikiwa imelala kwenye meza bapa, ili mnunuzi auone mpindo kabla hajalipa.