Kuhusu vidole vya bibi yako na hio DNA

Marahaba baba. Meseji yako niliisoma kwenye daladala natoka Majengo sokoni, nikasema hii siijibu hapa konda anavyopiga kelele. Unauliza kama vidole vya bibi vilivyopinda vitakufuata na wewe, na kama uende ukapime DNA.

Kwanza umechanganya ugonjwa wangu na wa bibi. Mimi magoti yamesagika, ndoo za maji za Kibakwe miaka yote ile na huu unene wa mjini. Bibi ana baridi yabisi, kinga yake ya mwili inageuka inashambulia maungio yake yenyewe, wala sio upepo wa mwezi wa sita wa huku Dodoma ingawa yeye mpaka kesho anausingizia.

Hio ya bibi kweli ina mambo ya ukoo. Daktari alinichorea kwenye karatasi, kuna jeni, yaani kile kipande cha DNA tunachorithi kwa wazazi, inaitwa HLA-DRB1 ndo inatajwa sana, ila kila mtoto anachukua nakala moja kwa mama moja kwa baba, sasa ile nakala mbaya ya bibi kama anayo moja basi mimi kuipata ni nusu kwa nusu, na wewe ni nusu ya hio nusu, yaani robo. Na ukiwa nayo bado sio kwamba utaumwa, wengi wanayo na wanazeeka vidole vimenyooka. Nikamuuliza mapacha je, akasema hata wale wa kufanana kabisa, Kulwa akiumwa, Doto naye anaumwa kama mara 15 hivi kwenye 100. Nilishangaa, mi nilijua wale ni mtu mmoja.

Kwahiyo hela ya DNA tunza, hakitakwambia kitu cha kukusaidia hicho kipimo. Ila sigara! Unadhani sijui, nilikuta kiberiti kwenye suruali uliyoacha krismasi. Moshi ukikutana na hio jeni hatari inapanda sana, daktari alilirudia mara mbili.

Ukiona vidole vya mikono yote miwili vinavimba na asubuhi vimekaza mpaka lisaa lizima, wiki na wiki, usimeze diklofenaki za maumivu ukanyamaza, kapime damu. Bibi tulimzungusha kwa waganga miaka mitatu, anaanza methotreksati, dawa ya kuituliza hio kinga, vidole vishapinda. Dada yako nimemwambia hivyohivyo, tena yeye zaidi maana wanawake inawapata mara 2 mpaka 3 kuliko nyie.

Na hilo goti lako linalouma ni la kucheza mpira, lipumzishe. Zabibu nimempa dereva wa basi la asubuhi, zifuate Mbezi kesho.