Siku kumi za kunyamaza: barua kwa mwanangu

Mikindani

Mwanangu Yusufu,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila joto. Barua yako nimeipata, pamoja na yale masharti ya kozi ambayo dada yako Salma alinichapishia kwenye karatasi ili nisihangaike na simu, na nimeyasoma yote, mengine mara mbili. Umeniuliza kama ni kweli mtu anaweza kuamka kiroho kwa kukaa kimya na kuifuatilia pumzi yake, na kama mimi, niliyezaliwa katika nyumba ya zikri, naona ubaya wewe kwenda Kenya kukaa siku kumi bila kusema na mtu, kwa njia ya tafakari iitwayo vipasana aliyoifundisha marehemu Goenka. Kila nikishika kalamu nikujibu, najikuta nimeangukia swali ambalo hukuliuliza: mtu huyo akishamaliza kukaa kimya, anatoka vipi, na wale anaowarudia wanamwonaje?

Kwanza nikutoe wasiwasi kwamba namdharau mwalimu wako. Nilivyosoma habari zake nimempenda kuliko nilivyotaka. Alizaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924, katika ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya India, akatajirika mapema, na pamoja na utajiri akapata kipandauso kisichosikia dawa. Ndipo akaenda kwa U Ba Khin, ambaye hakuwa mtawa wala mkaa pangoni, bali Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma, mtu wa kwenda ofisini asubuhi kama baba yako alivyokuwa. Mzee huyo alimkatalia kwanza, kwa sababu hakutaka mtu aje kwake kutafuta dawa ya kichwa tu. Na Goenka alipokwenda India mwaka 1969 kuanza kufundisha, kilichompeleka ni mama yake aliyekuwa mgonjwa. Hapo nilitabasamu, nawe unajua kwa nini.

Habari za ule mpango wa kutafakari wa wiki nane ulioanzishwa na Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979 kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu, naziweka kando. Nesi wa kliniki yangu ya presha naye hutuambia tuvute pumzi taratibu, na mimi humtii, lakini hajawahi kuniahidi kwamba nitaamka. Wewe unachokitafuta ni kikubwa zaidi, na ndiyo maana nakujibu kwa barua.

Nimeyasoma masharti kwa makini. Kengele inalia saa kumi alfajiri. Mtu anakaa karibu saa kumi kwa siku, hasemi, haonyeshani ishara na mwenzake, hana simu, hana kitabu, hana hata kalamu. Siku tatu za mwanzo ni pumzi tu, pale inapogusa matundu ya pua na juu ya mdomo. Kuanzia siku ya nne anaupitia mwili mzima, tangu utosini hadi kwenye vidole vya miguu, akiangalia kila hisia bila kuyachukia maumivu na bila kuing'ang'ania raha. Siku ya kumi ndimi zinafunguliwa. Hakuna ada, waliotangulia ndio wanaochangia gharama za wanaofuata, na hilo ni jambo la heshima. Lakini nilipofika kwenye sharti linalotaka kila aina ya sala, ibada, kufunga, kuhesabu tasbihi na kukariri majina visitishwe kwa muda wote wa kozi, nilivua miwani nikaikunja.

Kwenye hilo sitakuzungusha. Swala tano hazina likizo. Hata mgonjwa aliyelala chali huswali kwa ishara za macho. Waandikie uwaulize waziwazi kama watakuacha uswali swala zako, na wakisema hawawezi, jibu unalo tangu ulipokuwa madrasa, hukuwa na haja ya kuniuliza mimi.

Lakini hilo ni la fikihi, la sheria za dini, na wewe hukuniuliza fikihi, uliniuliza pumzi.

Babu yako alikuwa halifa, kiongozi wa tarika ya Kadiria, na kila Alhamisi usiku zikri ilisimama kwenye ua wetu. Wanaume walijipanga, wakainama na kuinuka pamoja, na pumzi ikakatwa kifuani mpaka ikafika mahali husikii tena neno, unasikia upepo wa vifua tu. Sisi watoto tulilala humo humo kwenye sauti hiyo. Kwa hiyo uliponiandikia kwamba pumzi ni mlango, hukunipa habari mpya, mwanangu; mlango huo niliuona nikiwa sijaota meno ya pili. Tofauti ninayoiona ni moja. Katika zikri pumzi inabeba Jina, na katika njia yako pumzi inaachwa tupu, tena mnakatazwa hata kuiongezea neno. Babu angesema pumzi isiyo na Jina ni nyumba isiyo na mwenyewe. Mimi nami nilitaka kukuandikia hivyo hivyo nikamaliza barua. Kisha nikajiuliza ni wangapi pale uani waliolivuta Jina hilo kifuani huku moyo uko kwenye bei ya korosho, nikaona afadhali niendelee kuandika.

Ninyi watoto mliambiwa habari za itikafu ya babu, ila nadhani mliambiwa nusu. Kila mwaka, kumi la mwisho la Ramadhani, alihamia msikitini, akafunga shuka kwenye pembe ya nyuma, na hakutoka ila kwa haja. Hakuzungumza mambo ya dunia. Mimi ndiye niliyempelekea futari: uji wa pilipili manga na mhogo wa nazi, nimeufunika kwa kawa. Uso wake sikuuona. Niliona mkono tu ukitoka chini ya shuka, ukipokea bakuli, ukirudi ndani. Niliuogopa mkono ule na niliupenda. Niliamini kwamba nyuma ya shuka lile kuna jambo linatokea, na mpaka leo siamini kwamba halikutokea.

Mwaka ninaousema, Ramadhani iliangukia katikati ya msimu wa korosho. Babu yuko nyuma ya shuka, bibi yuko shambani na sisi, anaokota mabibo, ananyonga korosho, anazianika juani, na usiku anabangua za kuuza ili tupate sukari. Unajua mafuta ya ganda la korosho yanavyochuna ngozi. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimebanduka, nyekundu, hata kufunga kanga kulimpa taabu. Idi ilipokaribia hakukuwa na mchele wala nguo za watoto, na wa kumuuliza hakuwepo, maana nani angethubutu kwenda kumsemesha halifa habari za mchele? Akauza gunia moja kwa mchuuzi aliyepita.

Asubuhi ya Idi babu alirudi kutoka kwenye swala na kundi la watu. Uso wake ulikuwa unang'aa, na hilo silisemi kwa kejeli, ulikuwa unang'aa kweli. Wanaume wazima walikuwa wanainama kumbusu mkono. Aliingia uani, akayatupia macho magunia, akauliza moja liko wapi. Bibi akamjibu kwa upole. Na mbele ya wageni wote, huku mimi nimeshika sinia la wali, babu yako akasema kwamba yeye amekwenda kumtafuta Mungu na nyuma ameacha mwizi ndani ya nyumba.

Bibi hakulia. Alifuta mikono kwa ncha ya kanga, taratibu kwa sababu ya vidole, akasema bila kupandisha sauti: "Halifa, kumi lako limeishia mlangoni."

Wageni walikula macho yakiwa kwenye sinia. Mimi nilikuwa na akili za kutosha kuelewa kilichosemwa, na kila Idi takbira zinapoanza maneno hayo hunirudia, sijui kwa nini hayazeeki. Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja ambao baba yako aliuchoka na ninyi mnaujua: mtu akiniambia amekaa faragha, amefunga, amenyamaza, amekesha, mimi siulizi ameona nini ndani. Nauliza ametokaje.

Ningeweza kuishia hapo ungekuwa wewe ni mtu wa kuridhika na nusu. Lakini ninyi mnamkumbuka babu mwingine, wa wakati bibi alipopigwa na kiharusi. Mzee aliyekuwa hajawahi kushika ufagio alimwogesha, alimgeuza, alimlisha uji kwa kijiko, na usiku maumivu yalipomzidi alikaa kwenye mkeka kando ya kitanda, akaipunguza pumzi yake mpaka ikawa ndefu na nyepesi, Jina likiwa ndani yake bila sauti, na pumzi ya bibi ikaifuata kidogo kidogo mpaka akalala. Niliyaona haya kwa macho yangu. Hakuwahi kumkaripia. Siku moja nilipomletea bibi maji, alinivuta karibu, akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki na nguvu, akaniambia: "Kamwambie kaka yako, baba yenu ametoka itikafu."

Sasa nieleze wewe msomi. Je, zile kumi zote alizokaa nyuma ya shuka zilikuwa zinalimbikizwa mahali, zikaja kulipwa baada ya miaka? Au hazikufanya kitu, na kilichomwamsha ni kitanda cha mke wake? Kuna siku nasema ni ugonjwa wa bibi, maana ugonjwa humvunja mtu kiburi upesi kuliko faragha. Kisha nakumbuka kwamba wanaume wengi wa mtaa huu waliuguliwa na wake zao na hawakuwa hivyo. Waliita mashangazi wakatoka zao barazani. Pumzi ile aliijua tangu zamani, hakujifunza pale kitandani. Basi labda vyote viwili. Lakini nikisema vyote viwili naona nimemsamehe mapema mno kwa lile la gunia, na bibi yako ndiye mwenye haki ya kusamehe, si mimi.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akipanda kwenye pango la Hira kukaa peke yake siku nyingi, akirudi kwa Bi Khadija kuchukua chakula. Na jambo lile kubwa lilipomfika, alikimbilia nyumbani akitetemeka, akaomba afunikwe. Angalia alivyopimwa, Yusufu. Bi Khadija hakumtaka amweleze umbo la alichokiona. Alimtuliza kwa kumtajia anayoyajua mwenyewe: kwamba anaunga udugu, anabeba mizigo ya wasiojiweza, anakirimu wageni. Mke alitoa ushahidi wa mtu wa ndani. Imamu Ghazali naye, aliyeacha ualimu wake Baghdad mwaka 1095 akaenda kujifungia kwenye mnara wa msikiti wa Dameski, ameeleza mwenyewe kwamba miito ya watoto wake ni miongoni mwa mambo yaliyomrudisha kwao.

Kwa upande wa Gautama, yaani Buddha, ambaye njia yako inarudi kwake, wafuasi wake wenyewe husimulia kwamba aliondoka usiku na kumwacha mkewe Yasodhara amelala na mtoto mchanga, Rahula, akatangatanga miaka sita kabla ya kukaa chini ya mpipali pale Bodh Gaya. Najua alirudi baadaye, na najua mtoto aliingia katika njia ya baba yake. Najua pia kwamba mamilioni ya watu wamepata utulivu kwa sababu ya usiku ule. Bado, nikisoma habari hiyo, macho yangu hayaendi kwenye mti, yanabaki chumbani kwa yule mama aliyeamka asubuhi.

Utasema siku kumi si miaka sita. Kweli. Lakini Nasri hajafikisha miezi sita, Zuhura bado hajalala usiku mmoja mzima tangu ajifungue, na katika barua yako yote, kurasa nne, hukuandika mahali popote kwamba umemuuliza. Uliniuliza mimi niliye mbali, ambaye sitaamka usiku kumbembeleza mtoto.

Ungenibana ningesema usiende, angalau mwaka huu. Sisemi, kwa sababu nimemwona babu yako kwenye ule mkeka, na sitaki niwe mtu aliyemzuia mwanawe kujifunza pumzi ambayo huenda ataihitaji siku ambayo mimi sipo. Tena najua hujalala vizuri tangu tumzike baba yako, na najua kilichokusukuma kutafuta si mchezo. Kama roho inataka kimya tu, msikiti wa mtaani kwako nao una pembe ya nyuma, na kumi la mwisho linakuja kila mwaka bila fomu ya kujaza. Kama ni ile njia ya kuupitia mwili hisia kwa hisia, hiyo sisi hatukukufundisha na siwezi kujifanya tunayo.

Kwa hiyo fanya haya. Waandikie kuhusu swala, unitumie jibu lao kama lilivyo. Kaa na Zuhura mzungumze, Salma asiwepo, maana atakutetea. Akiridhika kwa moyo wake, nitakuja mwenyewe Dar es Salaam nikae naye hizo siku kumi, nauli ninayo. Ukirudi sitakuuliza lolote. Nitasubiri mwezi upite, kisha nitampigia simu yeye.

Msalimie sana, na Nasri umbusu kwa niaba yangu.

Mama yako