Uliza Fundi Saa: saa za kopi, sumaku, mafuta na mengine

Safari hii barua nyingi zinahusu saa za mashine, yani za kutia ufunguo na za automatiki, na kopi, yani saa za kuigiza orijino, nazo zimo nyingi tu. Nimechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na mwingine.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina saa ya automatiki, ni kopi na nilinunua nikijua ni kopi. Siku hizi nikiivua usiku asubuhi naikuta imesimama, afu nikiitia ufunguo kwa mkono nasikia kitu ndani kinazunguka kwa kasi mpaka saa inatetemeka. Fundi mmoja kaniambia tupa tu, kopi haitengenezeki. Kweli?

Marahaba. Usiitupe, na huyo aliyekwambia utupe nadhani hata mfuniko hakuufungua, maana hizo dalili mbili ni ugonjwa mmoja. Kwenye mashine (mtambo wa ndani ya saa) za aina ya ETA 2824-2 ya Uswisi na kopi zake kuna magurudumu mawili madogo chini ya rota, kile kipande kizito kinachozunguka ukitikisa mkono, kazi yao ni kwamba rota ikienda kulia au kushoto springi inajazwa tu. Ndani ya hayo magurudumu kuna vindoano vidogo sana, vikishikwa na uchafu au mafuta yaliyoganda haviachii tena, sasa ukitia ufunguo kwa mkono nguvu inarudi kinyumenyume mpaka kwenye rota nayo inazungushwa hovyo, ndo hicho unachokisikia. Na mchana ukiwa umeivaa rota haiijazi springi ipasavyo, kwa hiyo usiku haina akiba, wakati mashine ya namna hiyo ikiwa nzima inakaa masaa kama 38 bila kuvaliwa.

Kuanzia leo acha kuitia ufunguo kwa mkono, utakata meno ya gia za kujazia. Fundi atoe sehemu ya rota, ayaoshe magurudumu hayo, ayatie mafuta yake maalum mepesi mno yanayoacha utando tu, asidondoshe mafuta ya kawaida humo maana yatanata na ugonjwa utarudi. Na akishafungua afanye sevisi nzima. Mashine nyingi za kopi zinatoka kiwandani na vumbi la chuma ndani, pengine mafuta yamezidi sehemu moja na sehemu nyingine pakavu kabisa, halafu mtu anasema ni mbovu kwa asili kumbe haijawahi kuoshwa hata siku moja.

Ila kwanza ijulikane ni mashine gani, maana jina lililoandikwa usoni halisemi kitu. Mshale wa sekunde ukiteleza vizuri mapigo 8 kwa sekunde, yani 28,800 kwa saa moja, huenda ni ukoo wa 2824. Ikipiga 6 kwa sekunde, 21,600, basi mara nyingi ni DG2813 ya China, au Miyota 8215 ya Japani, au NH35 ya kundi la Seiko, na hapo maelezo yanabadilika. Hiyo Miyota inajaza upande mmoja tu, upande wa pili rota inazunguka bure, kwa hiyo ukitikisa mkono ukasikia kelele ni kawaida yake sio ugonjwa. NH35 nayo haina yale magurudumu mawili, inatumia mkono wenye kucha mbili zinazovuta gia, mtindo Seiko walioanza nao mwaka 1959.

Ikionekana gia zimeshaliwa, kubadilisha mashine nzima kunaweza kuwa na maana kuliko kutafuta kipuri kimoja kimoja. ETA 2824-2 na mwenzake Sellita SW200-1 zote zina kipenyo cha milimita 25.6 na unene wa 4.6, kwa hiyo kwenye kopi ya kawaida ya ukoo huo zinaingia. Zingatia miguu ya uso wa saa, matundu ya mishale na urefu wa kijiti cha kifunguo. Kuna kopi zimebandikwa mabati juu ya mashine ili ukifungua nyuma ifanane na orijino, hizo zinasumbua kwa sababu vipimo vyote vya ndani vimeshahama. Kituo rasmi cha kampuni usitegemee wakupokee. Na siku ukitaka kuiuza mwambie mnunuzi waziwazi ni kopi, ukinyamaza umemwibia.

SWALI: Saa yangu ilikuwa sawa kabisa, ghafla juzi imeanza kukimbia, dakika nane kwa siku! Sijaiangusha. Nimeambiwa kuna kikono ndani cha kurudisha nyuma, nikisogeze?

Usikiguse dada, tafadhali. Saa iliyokuwa sawa ikaanza kukimbia dakika nzimanzima ghafla, mi nashuku sumaku kabla ya kitu kingine. Kwenye balansi, lile gurudumu linalokwenda na kurudi kupanga mwendo wa saa, kuna kispringi chembamba chenye mizunguko mingi, kikishika sumaku mizunguko inagandana, springi inakuwa kama imefupishwa na balansi inakwenda mbio. Ukisogeza kile kikono utakuwa umeficha tatizo, halafu sumaku ikitoka saa itabaki nyuma sana na utaanza upya.

Chukua dira, hata ile ndogo ya bei rahisi, weka saa karibu yake uizungushe taratibu. Mshale wa dira ukicheza sana saa imeshika. Sumaku zimejaa kila mahali siku hizi, spika za simu, kava za tableti, vifungo vya mikoba. Kifaa cha kutoa sumaku ni kidogo na hakina ufundi mkubwa ila watu wanakosea hapa: bonyeza kitufe saa ikiwa juu yake, endelea kubonyeza huku unaivuta saa mbali polepole mpaka urefu wa mkono, ndo uachie. Ukiachia saa ikiwa bado karibu unaweza kuirudishia sumaku uliyotaka kuitoa. Kama dira haikutikisika basi kispringi kimeingia mafuta au kimepinda kwa mshtuko, hiyo ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi.

SWALI: Fundi nataka kujifunza mwenyewe nyumbani. Nina bisibisi ndogo na kibano. Naweza kutumia mafuta ya cherehani? Na je nianze na saa yangu ya automatiki?

Nimefurahi sana na barua hii kwa sababu vijana wanaotaka kuijua hii kazi wanapungua. Automatiki iache kwanza. Tafuta ETA 6497 au kopi yake ya China ST36, ni mashine ya kutia ufunguo yenye upana wa milimita 36.6, kila kitu kikubwa na kinaonekana, haina kalenda haina rota. Fungua na kufunga hiyo mpaka uweze bila kuangalia picha.

Kabla ya kulegeza skrubu yoyote ya madaraja, yani vile vipande vya chuma vinavyoshikilia magurudumu, toa nguvu kwenye springi kuu. Shika kifunguo kwa vidole, sogeza kile kindoano kinachoizuia springi, uache kifunguo kirudi polepole chini ya vidole vyako mpaka kiishe. Ukisahau hilo ukatoa kile kiuma chenye vijiwe viwili, magurudumu yote yatazunguka kwa nguvu ya springi na ncha zinaweza kuvunjika hapohapo. Skrubu usiipe bisibisi isiyoenea mdomo wake, itateleza na kuchora daraja, na mchoro huo hautoki.

Sasa mafuta. Ya cherehani hapana, na ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu ndo kabisa usiilete karibu. Mafuta hayo yanatambaa, yanaondoka kwenye ncha yanakwenda kwenye magurudumu na kispringi, yanabeba vumbi, baada ya muda yanakuwa gundi. Saa inatumia mafuta ya aina kadhaa kwa sababu ndani yake kuna kasi tofauti kabisa. Balansi inazunguka haraka na nguvu ndogo, inataka mepesi kama 9010 ya Moebius, kampuni ya mafuta ya saa. Huku mwanzo wa mnyororo, kwenye kikopo cha springi na gurudumu la katikati, mwendo ni polepole lakini mzigo mkubwa, hapo panatakiwa mazito kama HP1300. Vile vijiwe viwili vya kiuma vina grisi yao, 9415. Na ncha za kiuma chenyewe haziwekwi mafuta, ziache kavu, maana kiuma kinakwenda na kurudi kidogo tu na mafuta yanakipunguzia nguvu.

Kiasi ndo mtihani. Tone likae ndani ya kikombe cha kijiwe, yani kishimo cha kijiwe kinachoshika ncha ya gurudumu, lijaze kama nusu yake, ukiona limefurika juu ya daraja futa uoshe upya, usiseme litakauka. Na mafuta mapya juu ya ya zamani ni kazi bure, lazima sehemu zioshwe kwanza. Kiuma usikiloweke kwenye spiriti muda mrefu kwa sababu vijiwe vyake vimeshikwa na gundi ya sheleki na spiriti inaiyeyusha.

SWALI: Nimenunua kile kipima saa chenye maiki, kinatoa namba tatu sizielewi. Nzuri ni zipi?

Ya kwanza ni sekunde inazowahi au kuchelewa kwa siku, kwa kulinganisha tu, cheti cha COSC cha Uswisi, cha kuthibitisha usahihi wa saa, kinataka wastani usizidi kuchelewa 4 au kuwahi 6. Ya pili ni amplitudi, balansi inazunguka nyuzi ngapi, saa ikiwa imejaa na imelala uso juu 270 mpaka 310 ni afya, chini ya 200 usihangaike kurekebisha mwendo, ioshe. Ya tatu ni tofauti ya tiki na taki kwa milisekunde, ikiwa chini ya 0.8 iache. Ila uweke pembe sahihi ya mashine (lift angle) kwenye kipimo, 50 kwa ETA 2824-2 na 53 kwa NH35, la sivyo hiyo amplitudi unayoisoma ni ya uongo. Pima mikao mbalimbali, sio kulala tu.

SWALI: Nimerithi saa ya babu, namba zake zina rangi ya kahawia inayomeguka, zamani ziling'aa gizani. Nizikwangue nipake mpya?

Usikwangue hata kidogo. Saa za kung'aa gizani zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 nyingi zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi, na kutong'aa sasa hakuna maana imeisha, kinachochoka ni ile rangi inayotoa mwanga, radiamu yenyewe inachukua miaka kama 1,600 kupungua nusu. Hatari kubwa ni kuvuta au kumeza vumbi lake. Usiifungue wala usipulize, weka kioo kikiwa kimefunga, iache kwenye mfuko uliofungwa mbali na watoto na mahali unapolala, na ukimpelekea fundi mwambie kabla hajashika bisibisi.